Watahiniwa wote hawakupanda lori: ukanushi, mantiki na mtihani wa taifa

Makala haya yanachambua swali moja tu la kufikiri kimantiki. Nimelitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa maswali ya kuchagua jibu ambayo wanafunzi wa Kongo hukutana nayo katika mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Wakati wa likizo nililitumia na kundi dogo la wanafunzi wa mwaka wa mwisho huko Minembwe, katika milima ya Fizi, Kivu Kusini. Hoja yangu ni kwamba ugumu wa swali hili haumo katika mantiki yake. Umo katika sentensi moja fupi ya Kifaransa, na katika namna sisi wasemaji wa Kiswahili tunavyoisoma. Mwanafunzi anayeitambua sentensi hiyo ataokoa alama. Mtunzi wa mitihani anayeitambua ataacha kupima kitu ambacho hakukusudia kukipima.

Nasema "kuokoa alama" nikijua uzito wake. Tangu 1967 mtihani wa taifa ndio mlango wa kuingilia chuo kikuu nchini mwetu. Anayepata asilimia 50 au zaidi hupata diploma. Anayekosa husubiri mwaka mwingine. Kule milimani mwaka mmoja si kitu kidogo. Vita vya miaka hii vimehamisha vijiji vizima, na wanafunzi niliokaa nao wamesoma kwa kukatizwa mara nyingi. Kwa wengi wao, kurudia mwaka kunaweza kuwa mwisho wa shule.

Mtihani huo hufanywa kwa Kifaransa. Katiba ya 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Kijana wa Minembwe husoma Kifaransa darasani, huzungumza Kiswahili sokoni na njiani, na nyumbani husema Kinyamulenge, Kibembe, Kifuliru au Kinyindu. Kwa hiyo anapokaa mbele ya karatasi ya mtihani, mara nyingi anafikiri katika lugha yake ya tatu, au anaitafsiri kimoyomoyo katika lugha ya pili. Tafsiri hiyo ya kimoyomoyo ndiyo inayotuhusu hapa.

Swali lenyewe

Wanafunzi walipewa kauli tatu, na wakaambiwa wazichukue zote kuwa kweli:

1. Tous les candidats n'ont pas pris le camion.
2. Seuls ceux qui ont pris le camion sont arrivés à Baraka avant la pluie.
3. Furaha est candidate, et elle est arrivée à Baraka avant la pluie.

Kisha wakaulizwa: ni ipi kati ya kauli zifuatazo ambayo ni lazima iwe kweli? Hapa naziandika kwa Kiswahili:

A. Hakuna mtahiniwa aliyepanda lori.
B. Kila mtahiniwa aliyepanda lori alifika Baraka kabla ya mvua.
C. Angalau mtahiniwa mmoja hakufika Baraka kabla ya mvua.
D. Watahiniwa wengi hawakupanda lori.
E. Hakuna kauli inayofuata, kwa sababu kauli 1, 2 na 3 zinapingana.

Kabla ya kuendelea kusoma, msomaji achukue kalamu na achague jibu. Dakika mbili zinatosha.

Wanaofikiri vizuri wanafika pabaya

Katika kundi lile jibu A lilipata watu, na jibu E pia. Aliyenishangaza zaidi ni mchaguzi wa E. Alikuwa msichana mmoja ambaye katika hesabu hakuna aliyemshinda. Nilipomwomba aeleze, alisimama ubaoni akaandika hatua zake kwa Kiswahili:

"Watahiniwa wote hawakupanda lori. Furaha ni mtahiniwa, kwa hiyo hakupanda. Lakini waliofika kabla ya mvua ni wale waliopanda tu, na Furaha alifika. Kwa hiyo alipanda. Amepanda na hakupanda: haiwezekani. Mwalimu, kauli zako zinagombana."

Tazama hoja hiyo kwa makini. Kila hatua inafuata ile iliyotangulia. Ameitumia kauli ya pili inavyotakiwa, ameiunganisha na ya tatu, kisha akagundua mgongano. Ukizikubali kauli zake za mwanzo, huna budi kukubali hitimisho lake. Kwa kipimo cha mantiki, yeye alikuwa mbele ya wale waliochagua A, maana wao waliishia kauli ya kwanza bila kuona kwamba inagongana na ya tatu. Hata hivyo, kwenye karatasi ya mtihani, yeye na wao wangepata alama moja: sifuri.

Tatizo liko kwenye sentensi yake ya kwanza ubaoni. "Watahiniwa wote hawakupanda lori" ni tafsiri inayofuata maneno ya Kifaransa moja baada ya jingine, lakini haileti maana ya Kifaransa. Ili kuona kwa nini, tuangalie kwanza Kiswahili chenyewe.

Kiswahili hukaza kinachotangulia

Linganisha sentensi hizi tatu:

(a) Wote hawakuja.
(b) Hawakuja wote.
(c) Si wote waliokuja.

Sentensi (a) kwa wasemaji wengi ina maana kwamba hakuna aliyekuja. Sentensi (c) haina utata: wengine walikuja, wengine hawakuja, au angalau haikuwa kweli kwamba kundi zima lilikuja. Sentensi (b) ndiyo ya kuvutia. Maneno yake ni yale yale ya (a), ila mpangilio umegeuzwa, na maana imesogea kuelekea (c). Mtu akikwambia "Tuliwaalika ishirini, lakini hawakuja wote," huwezi kudhani kwamba vyakula vyote vilibaki.

Jambo hilo hilo linaonekana kwenye yambwa:

(d) Sikusoma vitabu vyote.
(e) Vitabu vyote sikuvisoma.

Katika (d) nimesoma baadhi. Katika (e) sikusoma hata kimoja. Tofauti haiko katika -ote wala katika kiambishi cha ukanushi si-. Iko katika kipi kimetangulia. Ukanushi ukitangulia -ote, unaikanusha -ote yenyewe: "haikuwa vyote." -ote ikitangulia ukanushi, inabaki nje ya ukanushi: "kwa kila kimoja, hapana." Wanaisimu huliita jambo hili upeo wa ukanushi, yaani eneo la sentensi ambalo ukanushi unalitawala.

Sidai kwamba kanuni hii haina ufa. Katika mazungumzo, msemaji anaweza kulikazia neno wote kwa sauti na kusema "WOTE hawakuja, wengine walibaki nyumbani," na wasikilizaji wakamwelewa. Lakini karatasi ya mtihani haina sauti. Penye maandishi tu, msomaji wa Kiswahili hufuata mpangilio.

Methali zetu zinathibitisha tabia hiyo. Tunasema "Si kila mwenye makucha huwa simba." Hatusemi "Kila mwenye makucha si simba," kwa sababu hiyo ingemfukuza hata simba mwenyewe kwenye usimba. Tunapotaka kukanusha ujumla, Kiswahili kinatupa silaha ya wazi: si mbele ya wote au kila. Tunapotaka kukanusha kila mmoja, tuna hakuna, au hata mmoja.

Kifaransa hufanya kinyume

Sasa turudi kwenye kauli 1. Kifaransa huweka tous mwanzoni na ukanushi kwenye kitenzi, sawasawa na (a). Lakini usomaji wa kawaida wa muundo huo katika Kifaransa cha maandishi ni ule wa (c): si wote. Ushahidi rahisi ni methali ambayo kila mwanafunzi wa sekondari Kongo ameisikia: Tout ce qui brille n'est pas or. Hakuna Mfaransa anayeielewa methali hiyo kuwa "hakuna king'aacho ambacho ni dhahabu." Dhahabu inang'aa! Maana yake ni kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Kifaransa kikitaka kusema kwamba hakuna hata mmoja, hutumia aucun: Aucun candidat n'a pris le camion.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno anaingia mtegoni akiwa na sarufi safi. Amechukua muundo ambao kwao una maana ya "si wote," akauweka katika lugha ambayo muundo huo huo una maana ya "hakuna." Tafsiri yake ni sahihi neno kwa neno na ni potofu kwa jumla. Wala tusiseme kwamba Kifaransa ni lugha isiyo na mantiki, au kwamba Kiswahili kina mantiki zaidi. Kila lugha ina desturi yake ya kuamua ukanushi unafika wapi. Mtihani ndio unaozikutanisha desturi mbili katika kichwa kimoja, kwa saa iliyohesabiwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mtahiniwa anaweza kulishika hata akiwa hakumbuki kanuni ya Kifaransa. Usomaji mmoja wa sentensi ukizifanya kauli zigombane na usomaji mwingine ukizipatanisha, jaribu kwanza ule unaozipatanisha. Hivi ndivyo tunavyofanya kila siku tunapozungumza. Mtu akisema jambo linaloonekana kujipinga, hatumwiti mwendawazimu; tunajiuliza kama tumemsikia vibaya. Mwanafalsafa Paul Grice alijenga nadharia yake ya mazungumzo juu ya wazo la namna hiyo: wasikilizaji hudhani kwamba msemaji anashirikiana nao, na humtafsiri kwa dhana hiyo. Kwa hiyo msichana yule alipogundua mgongano, ugunduzi wenyewe ulikuwa dalili ya kurudi kwenye kauli ya kwanza na kuisoma upya.

Neno "tu" na mwelekeo wake

Kauli ya pili ina mtego wa aina nyingine. Kwa Kiswahili tunaweza kuisema hivi: "Waliopanda lori tu ndio waliofika Baraka kabla ya mvua."

Katika Kiswahili tu hufuata kile inachokiwekea mpaka, na kuihamisha ni kuhamisha maana:

(f) Maharage hushushwa kwa lori tu.
(g) Maharage tu hushushwa kwa lori.

Kwa (f), ukiona maharage ya milimani sokoni Baraka, unajua yalikuja kwa lori. Lakini lori linaweza kuwa limebeba viazi pia. Kwa (g), ukiona lori linashuka, unajua limebeba maharage. Lakini maharage mengine yanaweza kuwa yameshuka kichwani mwa mtu. Mfanyabiashara akichanganya hizi mbili atapata hasara, na mtahiniwa akizichanganya atakosa alama.

Njia salama ya kulishughulikia neno tu ni kuligeuza kuwa kila, ukianzia upande wa pili wa sentensi. "Wenye tiketi tu ndio wanaoingia" inageuka kuwa "Kila anayeingia ana tiketi." Haigeuki kuwa "Kila mwenye tiketi anaingia." Mwenye tiketi anaweza kuchelewa, kuugua, au kuamua kulala. Vivyo hivyo kauli yetu ya pili inageuka kuwa: "Kila aliyefika Baraka kabla ya mvua alipanda lori."

Kutoka hapo tunaweza kupiga hatua moja zaidi, ambayo ni halali: kugeuza sentensi na kukanusha pande zote mbili. Ikiwa kila aliyefika mapema alipanda lori, basi yeyote ambaye hakupanda lori hakufika mapema. Lazima ufanye yote mawili, kugeuza na kukanusha. Anayegeuza bila kukanusha anapata jibu B. Anayekanusha bila kugeuza anasema "asiyefika mapema hakupanda lori," jambo ambalo pia hatujaambiwa: huenda alipanda, na lori likakwama matopeni.

Kulitatua swali

Sasa tuna kila kitu tunachohitaji. Niandike kauli upya kwa Kiswahili kisicho na utata:

1. Si watahiniwa wote waliopanda lori. Yaani, yupo angalau mtahiniwa mmoja ambaye hakupanda.
2. Kila aliyefika Baraka kabla ya mvua alipanda lori. Yaani, ambaye hakupanda lori hakufika kabla ya mvua.
3. Furaha ni mtahiniwa, naye alifika kabla ya mvua.

Mchukue yule mtahiniwa wa kauli 1 ambaye hakupanda lori. Kwa kauli 2, hakufika kabla ya mvua. Basi angalau mtahiniwa mmoja hakufika Baraka kabla ya mvua. Jibu ni C.

Kwa nini mengine si sahihi? A inapingwa na Furaha: alifika mapema, kwa hiyo alipanda. B imegeuza sentensi bila kukanusha. E inaanguka kwa sababu kauli tatu zinaweza kuwa kweli kwa pamoja: Furaha alipanda na kufika mapema, mwenzake alitembea kwa miguu na kunyeshewa. D inaponza wengi kwa sababu inaonekana kuwa dada yake C. Lakini "si wote" haisemi ni wangapi. Watahiniwa wakiwa mia moja na mmoja tu akatembea, kauli 1 ni kweli na D ni uongo.

Angalia pia kwamba kauli 3 haikuhitajika ili kulifikia jibu C. Kauli 1 na 2 zilitosha. Kazi ya kauli 3 ni kuua jibu A, na kumnasa katika E yule aliyeisoma kauli 1 kwa Kiswahili. Katika maswali ya namna hii si kila kauli inabeba mzigo wa jibu, na mtahiniwa hana sababu ya kulazimisha zote zitumike.

"Lakini lori halifiki"

Mwanafunzi mmoja hakuchagua jibu lolote. Alisema: "Mwalimu, barabara ya kutoka huku mpaka Baraka, msimu wa mvua, kamyo ipi itapita?" Wenzake walicheka, lakini jibu hilo lina historia ndefu katika taaluma yetu.

Mwaka 1931 na 1932, mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria alifanya utafiti miongoni mwa wakulima wa Uzbekistan ambao wengi hawakuwa wamesoma shule. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Kwamba mahali fulani pako kaskazini ya mbali. Kisha akawauliza dubu wa huko wana rangi gani. Wengi walimjibu kwamba hawajafika huko, na kwamba aulizwe aliyewaona. Kwa miaka mingi majibu hayo yalisomwa na baadhi ya watu kama ushahidi kwamba asiye na shule hafikiri kimantiki. Baadaye Sylvia Scribner na Michael Cole, waliofanya kazi Liberia miongoni mwa Wakpelle na Wavai, walisaidia kuonyesha kwamba usomaji huo ni wa haraka mno. Mtu anayesema "sijaona, kwa hiyo sisemi" ana hoja kamili. Ila ameijenga juu ya msingi wake mwenyewe, yaani yale anayoyajua, na hakukubali kusimama juu ya msingi aliopewa na mgeni. Shule hufundisha, pamoja na mengine, mchezo wa kuukubali msingi wa mgeni kwa muda.

Kijana yule wa Minembwe anaijua barabara yake kuliko mtunzi yeyote wa mitihani. Alichohitaji kuambiwa ni kwamba karatasi ya mtihani ni nchi nyingine yenye sheria zake. Ukiingia, unafuata sheria za huko. Ukitoka, unarudi kwenye barabara yako. Nilipomwambia hivyo, alilitatua swali haraka kuliko wengi.

Ng'ombe wanne

Ili kuthibitisha kwamba uwezo wa mantiki ulikuwepo tangu mwanzo, niliwapa jaribio lililobuniwa na Peter Wason, Mwingereza, mwaka 1966. Katika sura yake ya awali lina kadi nne zenye herufi upande mmoja na namba upande wa pili, pamoja na kanuni ya namna ya "ikiwa upande mmoja kuna irabu, upande wa pili kuna namba shufwa." Unatakiwa kusema ni kadi zipi lazima zigeuzwe ili kujua kama kanuni imevunjwa. Watu wengi, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, hushindwa. Lakini mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox waliibadilisha kanuni iwe ya umri wa kunywa pombe, na wengi wa watu wale wale wakafaulu.

Mimi niliibadilisha iwe ya ng'ombe: "Ng'ombe akishuka sokoni, lazima awe amechanjwa." Kuna ng'ombe wanne. Wa kwanza ameshuka sokoni. Wa pili amebaki malishoni. Wa tatu amechanjwa. Wa nne hajachanjwa. Mkaguzi anataka kujua kama kuna aliyevunja kanuni: amchunguze yupi?

Karibu kundi zima lilijibu kwa pamoja: wa kwanza, kuona kama amechanjwa; na wa nne, kuona kama ameshushwa kwa siri. Hakuna aliyetaka kumchunguza yule aliyechanjwa, kwa sababu aliyechanjwa ana ruhusa ya kwenda popote. Hiyo ndiyo hatua ya kugeuza na kukanusha, ile ile iliyotupa jibu C, na ilifanywa na vijana waliozoea mifugo bila kuandika chochote.

Funzo kwa mtahiniwa: swali likiwa kavu, livike nguo za kwenu. Weka ng'ombe, soko na mkaguzi badala ya herufi, amua, kisha urudi kwenye herufi.

Jibu B nje ya mtihani

Nimelitaja jibu B kwa kifupi, lakini ndilo linalonisumbua zaidi. Umbo lake ni hili: kila P ni Q, huyu ni Q, basi huyu ni P. Darasani ni kosa la alama moja. Milimani kwetu lina sura nyingine: "Waliochoma kijiji walisema lugha fulani. Huyu anasema lugha hiyo. Basi huyu ni miongoni mwao." Nimelisikia likisemwa katika kila lugha ya milima ile, juu ya wasemaji wa kila lugha nyingine. Hata kauli ya kwanza ikiwa kweli tupu, hitimisho halifuati, sawasawa na vile mwenye tiketi halazimiki kuwa ndani.

Sidhani kwamba somo la mantiki linazima vita. Wanaobeba bunduki wana sababu zao, na si zote ni makosa ya kufikiri. Lakini kundi lile lilikuwa na vijana wa lugha za nyumbani tofauti, wamekaa benchi moja. Tulipoliandika umbo hilo ubaoni na mfano wa tiketi, kisha nikaufuta mfano wa tiketi na kuandika ule wa kijiji, hakuna aliyecheka na hakuna aliyebisha. Kwa dakika kadhaa walikuwa wakilitazama umbo. Mwalimu wa lugha hana mengi ya kutoa mahali kama pale, lakini hilo anaweza.

Hatua za kufuata

Kwa ndugu zetu wanaojiandaa kwa mtihani, nafupisha hivi:

Kwanza, ukiona tous ... ne ... pas, andika pembeni "si wote" kabla ya kufanya lolote. Ukiona aucun, andika "hakuna."

Pili, ukiona seul au seulement, igeuze iwe kila kuanzia upande wa pili.

Tatu, geuza na ukanushe kwa pamoja. Usifanye moja bila jingine.

Nne, tofautisha "angalau mmoja," "baadhi" na "wengi." Katika mazungumzo, anayesema "baadhi walifaulu" anatufanya tudhani kwamba wengine walifeli; katika mantiki hajasema hivyo.

Tano, usilete barabara yako kwenye karatasi ya mtihani.

Na kwa watunzi wa mitihani: kama mnataka kupima mantiki, andikeni pas tous, au certains candidats n'ont pas pris le camion. Kifaransa kinazo njia hizo, na hazimpunguzii mtu yeyote elimu.

Mazoezi

1. Toutes les vaches ne sont pas vaccinées. Seules les vaches vaccinées descendent au marché. Nini lazima kiwe kweli kuhusu sokoni?
2. Walioandikishwa tu ndio waliopewa daftari. Bahati hakupewa daftari. Je, ni lazima Bahati awe hakuandikishwa?
3. Baadhi ya walimu walifika. Je, ni lazima awepo mwalimu ambaye hakufika?
4. Eleza tofauti kati ya "Wageni wote sikuwaona" na "Sikuwaona wageni wote." Kisha ziseme sentensi hizo katika lugha ya nyumbani kwenu, uone mpangilio unaamua nini.

Majibu: (1) Angalau ng'ombe mmoja hashuki sokoni. (2) Hapana, waliopewa wote waliandikishwa, lakini aliyeandikishwa anaweza kukosa daftari. (3) Hapana, huenda walifika wote. (4) Kwa Kiswahili, ya kwanza ina maana kwamba sikumwona hata mmoja; ya pili, kwamba kuna ambao huenda niliwaona. Kwa Kibembe, Kifuliru, Kinyindu na Kinyamulenge, jibu litoke kwa wasemaji wenyewe, na anayelipata aliandikie jarida hili.